Nebula ya Lagoon karibu na ikweta: kazi iko kwenye mhimili

Miongozo mingi ya kupiga picha za nebula, yaani mawingu ya gesi angani, imeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani, na karibu yote inaanza kwa kukuambia uilenge Polaris. Kwetu haifai. Ukiwa Dodoma, nyota hiyo ya jaa iko chini ya upeo wa macho usiku kucha. Ncha ya kusini ya anga nayo huinuka kwa nyuzi zile zile za latitudo yako: Nairobi 1.3, Mombasa 4, Dodoma 6 na kidogo. Nyota inayoikaribia, Sigma Octantis, ina mng'ao wa 5.4 tu (namba ikizidi, nyota ni hafifu zaidi), na ikiwa chini kiasi hicho inamezwa na vumbi na moshi. Basi huku mhimili wa traka, kifaa cha mota kinachozungusha kamera ili ifuate nyota, hulengwa kwenye ncha hiyo kwa kutazama nyota zinavyohama. Nusu saa utakayotumia hapo itakulipa kuliko lenzi mpya.

Shabaha nzuri ya kipupwe ni M8, nebula ya Lagoon, katika kundi la nyota la Kausi (Sagittarius). Mwanzoni mwa Julai, ukiwa Dodoma, hufika juu kabisa karibu na saa sita usiku, ikiwa nyuzi 72 kutoka upeo. Hewa ya juu ni safi zaidi, na mvua hakuna. Upana wake ni kama nyuzi moja na nusu. Kwa lenzi ya mm 135 na kamera yenye pikseli za mikromita 4.3, itachukua pikseli 800 hivi, na nebula jirani, M20, itaingia kwenye fremu hiyo hiyo.

Kwa vifaa hivyo na bila traka, M8 huvuka pikseli 2 kila sekunde. Ukiwa na traka ambayo mhimili wake umekosea kwa nyuzi moja, nyota inaweza kuhama pikseli 2.4 kwa dakika. Punguza kosa hadi sehemu ya sita ya nyuzi, itahama pikseli 0.4, na fremu ya sekunde 60 itatoka na nyota za duara.

Anza mchana. Ning'iniza timazi ya fundi mahali utakaposimamisha stendi, fungua Stellarium, programu ya ramani ya anga, uone dakika ambayo jua linavuka meridiani (mstari wa kaskazini–kusini unaopita utosini), na dakika hiyo hiyo chora kivuli cha uzi kwa chaki. Huo ndio mstari wako wa kaskazini na kusini. Usichelewe: mwezi Juni na Julai, kuchelewa dakika moja kunapindisha mstari kwa karibu nusu ya nyuzi. Dira ya simu si ya kutegemea karibu na stendi ya chuma.

Kisha shusha mhimili. Vichwa vingi vya ikweta, yaani sehemu ya juu ya stendi yenye mhimili huo, havikuundwa kwa nyuzi 6: skrubu huishia njiani, au fimbo ya uzito hugonga mguu wa stendi. Refusha mguu wa upande wa kaskazini ili stendi yote iinamie kusini. Si lazima stendi iwe sawa kwa pimamaji, ila sasa ukirekebisha upande mmoja, wa pili nao utasogea kidogo, kwa hiyo utarudia mara mbili tatu. Ning'iniza mfuko wa mchanga katikati isije ikaanguka. Hakikisha pia swichi ya traka iko S (kusini). Ikiwa N, mota inazunguka kinyume na utapata mistari mirefu kuliko ambayo ungepata bila traka.

Giza likiingia, chagua nyota iliyo karibu utosini, kwenye mstari wa ikweta ya anga (ikweta ya dunia ikinyooshwa hadi angani). Ikuze mara 10 kwenye skrini na uitazame dakika tano. Hamahama ya mashariki na magharibi iache. Ikihamia kusini, ncha ya kusini ya mhimili imeelekea magharibi mno: izungushe mashariki. Ikihamia kaskazini, izungushe magharibi. Kujua kusini ni upande gani kwenye skrini, sukuma lenzi kidogo kuelekea kusini. Nyota itakimbilia upande wa kaskazini. Halafu chukua nyota ya mashariki, nyuzi 20 hadi 30 juu ya upeo, nayo pia iwe karibu na ikweta ya anga. Ikihamia kaskazini, inua ncha ya kusini ya mhimili. Ikihamia kusini, ishushe. Rudi kwenye ile ya utosini uhakikishe.

Fokasi ifanye kwa nyota angavu, Antares inatosha, kisha gandisha pete ya lenzi kwa utepe. Piga f/2.8, ISO 800, sekunde 60, fremu 120. Kila baada ya fremu 15 sogeza kamera pikseli 10 au 15 tu, upande wowote. Usipofanya hivyo, pikseli mbovu zitachora michirizi ya mshazari ambayo hakuna programu itakayoifuta vizuri. Pwani, funga mkanda wa joto wa USB kwenye lenzi kabla ya umande, si baada yake.

Fremu za giza 25, za kuondoa kelele za sensa, zipigwe usiku huo huo, lenzi ikiwa imefunikwa, kwa sababu kelele za sensa huongezeka haraka na joto. Fremu bapa 25, za kusawazisha vumbi na giza la pembeni mwa lenzi, zipige alfajiri kupitia shuka jeupe lililokunjwa, bila kugusa fokasi wala tundu la lenzi, istogramu ikiwa katikati. Siril, programu ya kuunganisha picha za anga, ni ya bure na itaunganisha zote.

Nyota zikitoka ndefu, soma zinavyolala. Zikinyooka kaskazini–kusini, mhimili haujakaa. Mashariki–magharibi, tatizo ni gia au uzito usiosawazishwa. Zikizunguka kitovu kimoja kwenye fremu, ni mhimili tena. Zikiharibika pembeni tu, ni lenzi: funga hadi f/4 na uongeze idadi ya fremu maradufu.

Rangi nyekundu itakuwa hafifu kwa sababu kichujio cha kiwandani huzuia sehemu kubwa ya mwanga wa haidrojeni wa nanomita 656. M8 ina nguvu ya kutosha kupita hapo. Usikimbilie kubandua kichujio kabla hujapata saa mbili safi za nyota za duara.