Dhana jiru yangu: bizari ya mboga za kila siku

Kwa miaka niliambiwa kwamba nikitaka mboga zangu zinoge kama za Wahindi, nitie garam masala. Shoga zangu waliniambia hivyo, muuza duka hivyo hivyo, hata wifi yangu. Nikatia kwenye kabichi, nikatia kwenye bamia, na watoto wakawa wanauliza kama leo kuna pilau. Karafuu na mdalasini vilivyomo kwenye garam masala huifunika mboga, ladha yake yenyewe huisikii tena. Ushauri ule unanikera hadi leo, kwa sababu jibu lilikuwa nyumba ya pili tu.

Mtaa wa Upanga, Dar es Salaam, tuliishi jirani na mama wa Kigujarati tuliyemwita Masi. Nyumbani kwake nyama haikuingia, kwa hiyo mboga alizijua. Nilipomweleza shida yangu alishangaa kweli. "Beti (yaani binti), garam masala ya nini kwenye kabichi? Tia dhana jiru." Dhana ni giligilani kavu, jiru ni jira, ambayo wengine tunaiita bizari nyembamba na Zanzibar wanaiita uzile. Basi, vitu viwili! Vikombe vitatu vya giligilani kwa kimoja cha jira. Manjano na pilipili haziingii humo, unazitia mwenyewe sufuriani kulingana na mboga.

Nikaenda soko la Kisutu, nikanunua punje nzima. Zote kwa pamoja hazikufika bei ya vikopo viwili vya bizari ya dukani.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilimwaga zote kwenye kikaango kimoja, moto mkali, maana nilikuwa na haraka. Jira ni nyembamba, inashika moto upesi. Giligilani ina ganda na ndani ina uwazi, inachelewa. Jira ikaanza kutoa moshi, nami nikaendelea kukoroga nikisubiri giligilani ibadilike rangi. Kisha nikasaga zikiwa za moto vilevile. Mvuke ukajaa kwenye jagi la blenda, unga ukagandamana pembeni kama udongo wa mvua. Nilipoonja, uchungu ulikaa kooni mpaka jioni. Nikapikia viazi nikiamini nyanya zitauficha, lakini sufuria nzima ilimwagwa. Niliumia sana siku ile.

Masi akaniita jikoni kwake. Akachukua punje ya jira aliyokwisha kuikausha, akaifikicha kwa vidole viwili, ikawa unga. "Ikivunjika hivi, toa. Usingoje rangi." Hilo ndilo lililonifungua macho: macho yanakudanganya, vidole havidanganyi.

Lakini ujanja mkubwa zaidi ulikuwa jua. Dar hewa ina unyevu, na punje za sokoni huwa zimeshaunyonya. Sasa nazitandaza kwenye sinia, giligilani upande wake na jira upande wake, nafunika kwa kitambaa chepesi cha pamba, naziacha juani tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Zikiingia hapo kikaangoni, zinahitaji moto mdogo tu wa kuamsha harufu. Giligilani kwanza, mpaka ganda liitike likibanwa na jino. Jira baadaye, muda mfupi mno, na usiondoke hapo hata simu ikiita. Naziacha zipoe kabisa ndipo nisage, kidogo kidogo, nikipumzisha blenda isipate joto.

Kwenye chupa ya kioo naweka kibonge cha mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali, kilichofungwa kitambaani. Ndiyo, mvuje uleule wanaofungiwa watoto wachanga Pwani. Masi alisema unafukuza wadudu, na kweli tangu nianze sijaona hata mmoja. Nasaga cha miezi miwili tu, kikizidi hapo harufu inakimbia.

Kupika: mafuta, punje za haradali mpaka zidundedunde, kisha mboga na manjano. Dhana jiru naitia mboga ikikaribia kuiva, vijiko viwili vya chai kwa kabichi moja ya wastani. Bilinganya zinataka zaidi, njegere kidogo. Ukiitia mapema kwenye mafuta makavu utaiunguza upya, na uchungu ule utaurudisha mezani.

Nikishasaga huwa nachekecha, na makapi yanayobaki kwenye chekeche siyatupi. Nayatia kwenye dengu zikiwa bado zinachemka, na nyumba nzima inanukia.