Wewe mtoto wa nani?

Juzi nimeanza gemu la Skyrim upya kwa mara ya sijui ngapi, na kila nikifika pale mwanzo nacheka. Uko kwenye mkokoteni umefungwa mikono, mnashushwa mji wa Helgen, askari mmoja, Hadvar, ana karatasi yake ya majina, anakuangalia anauliza we nani, hapo ndo unatengeneza sura, pua hivi, kovu hapa, unaandika jina, basi. Jina halimo kwenye orodha, kapteni anasema haidhuru, apelekwe akakatwe kichwa na wenzake. Hakuna aliyeuliza kwenu wapi wala ulifanya nini mpaka ukakamatwa. Mi nimekulia uswahilini, ukiingia nyumba ya watu kabla hata hujapewa maji bibi anakuuliza we mtoto wa nani, unamtaja baba, anauliza yule fundi cherehani au yule mwingine, mpaka mkimaliza tayari una mjomba mpya, una watani, na pengine una deni la marehemu babu yako. Sasa gemu unalolicheza masaa mia mbili linakuacha kama umedondoka na mvua.

Najua mtasema ndo uzuri wake, unajijazia mwenyewe. Sawa, nimeshajijazia sana, nimekuwa mtoto wa mvuvi, nimekuwa mwizi aliyetubu, ila vyote vinabaki kichwani kwangu, dunia yenyewe haina habari na mimi.

Gemu lililonionyesha kwamba hii kitu inawezekana ni Dragon Age: Origins, la mwaka 2009. Pale kuna mianzo sita, na mwanzo wako huusomi, unaucheza, muda mrefu tu kabla Duncan hajaja kukuchukua ujiunge na kikosi chake cha wapiganaji, Grey Wardens. Nilichukua kibete wa Dust Town, mtaa wa wasio na tabaka huko Orzammar, mji wa vibete, watu wanaochorwa alama usoni ili kila anayewaona ajue hawahesabiki. Mama mlevi. Dada yako Rica amevalishwa na kufundishwa adabu za wakubwa na bosi mmoja wa wahuni anaitwa Beraht, kazi yake amnase mwanaume wa ukoo mkubwa amzalie mtoto wa kiume, maana kwao mtoto wa kiume anafuata tabaka la baba na familia ya mama inapanda naye. We na rafiki yako Leske mnafanya kazi chafu za huyohuyo Beraht. Siku moja mnatumwa kwenye uwanja wa mapigano, mpiganaji ambaye bosi kamuwekea hela, Everd, mnamkuta kalewa chakari, basi unavaa deraya lake unaingia mwenyewe, na unapiga watu kweli, mpaka inapogundulika aliye ndani ya lile deraya ni nani.

Sasa hapo unaondoka, unazunguka nchi nzima, unasahau. Masaa kibao baadaye stori inakurudisha Orzammar, mfalme amekufa, vibete wanagombania kiti na we ndo unatakiwa uamue nani apewe. Mmoja wa wagombea ni Bhelen. Kumbe Rica kazaa na Bhelen! Yaani wenzako wanajadili siasa pale, nani ana haki nani hana, we unafikiria huyu ni shemeji yangu, nitamwambia nini dada. Leske naye unamkuta upande wa Jarvia, aliyerithi genge la Beraht, na inabidi mpigane. Nilisimamisha gemu nikaenda kunywa maji, sikuwa na kiu.

Nilikuja kurudia lote na mchawi binadamu, nikapita Orzammar ileile, ule uchaguzi ukawa kazi tu ya kumaliza nitoke.

Baldur's Gate 3 ya 2023 wanaujua huu ufundi sana ila wamewapa wenzako unaosafiri nao. Wyll ana baba yake Duke Ravengard na ugomvi wao, Astarion ana bwana aliyemtesa miaka mia mbili, Shadowheart kafutwa kumbukumbu. We uliyejitengeneza mwenyewe unachagua kwenye orodha, mtoto wa mtaani, mwanajeshi, mtumishi wa hekalu, halafu unafika mji ambao eti ndo kwenu na hakuna hata jirani anayekushangaa umekonda. Ukitaka yaliyopita yakutafute chukua mhusika anayeitwa Dark Urge, ila huyo nae washamwandikia wao. Afadhali Pillars of Eternity ya 2015, mwanzoni kabisa mko kambini usiku, mwenzako wa msafara, Calisca, anakuuliza umetoka wapi na nini kimekuleta, unajibu kwenye maongezi kama watu.

Hiyo ya Calisca ndo nimeiiba kwa ajili ya meza yetu. Tunacheza D&D, gemu la mezani la kusimulia ambapo kila mtu ana mhusika wake, Jumamosi sebuleni kwa kaka, mi ndo naendesha, yaani mi ndo DM. Zamani nilikuwa nawaambia kila mtu aandike maisha ya nyuma ya mhusika wake anitumie WhatsApp, na kila mara napata yatima. Mmoja kurasa tatu, kijiji kimechomwa, wazazi wamechinjwa, upanga wa babu. Yatima wanne mezani! Nikadhani ni uvivu, kumbe ni mimi, kuna siku nilimteka bibi wa mhusika wa jamaa mmoja kikao cha kwanza tu, ili stori ianze na moto, na watu wakajifunza kwamba ukimpa DM ndugu anamgeuza chambo. Nani atakuletea mama yake tena?

Sasa hivi siombi kurasa. Nauliza katikati ya mchezo, mkiota moto, swali moja, na kabla sijamgusa ndugu wa mtu namuuliza mwenyewe.

Shemeji, mke wa kaka, alianza kukaa na sisi kwa sababu tulikuwa tunapiga kelele sebuleni kwake. Hajawahi kucheza gemu lolote. Zamu yake ikafika, nikamuuliza kwa nini umeondoka kwenu, wenzake wakasubiri joka au laana, yeye akasema, "Nina mtoto, nimemuacha kwa mama." Basi. Tangu siku hiyo kila wakigawana vipande vya fedha yeye anatenga vitatu, na kila mji tukifika swali lake la kwanza kwa mwenye nyumba ya wageni ni kama kuna msafara unaoenda kule kwao, amtumie mama. Yatima wote sasa wanamuulizia mtoto anaendeleaje.

Wiki iliyopita nikamletea jibu. Mfanyabiashara wa ngamia anamkabidhi kifurushi kutoka kwa mama yake, ndani kuna kamba tu, imefungwa fundo mwishoni. Nikawauliza mnajua ni nini, hakuna aliyejua isipokuwa yeye, akasema, "Kipimo cha mguu, mtoto anataka viatu." Akanyoosha mkono.

"Shem, hiyo kamba ina urefu gani?"

Sikuwa nimejiandaa. Nikachomoa kamba ya kiatu changu pale chini ya meza nikaishika katikati ya vidole, hivi. Akaiangalia, akaipima na kiganja chake.

"Mbona amekua hivyo," akasema, halafu akamgeukia yatima wa kurasa tatu, "we una vipande vingapi vimebaki?"