Rangi Inayoonyesha kwa Kufunika

Nimeirudia The Unfinished Swan, gemu ya mwaka 2012, na safari hii nimeicheza polepole mno. Inaanza na skrini nyeupe tupu, bila maelezo wala mstari hata mmoja. Ukikaa tu, weupe hauondoki. Ukibonyeza kitufe, donge la rangi nyeusi linaruka mbele yako na kupasuka, na pale lilipopasukia ndipo unapoona kumbe palikuwa na ukuta. Unarusha jingine, unatokea ukingo wa kitu ambacho bado hujakijua.

Sasa jaribu kurusha ovyo. Kila upande unakuwa mweusi tii, na huoni kitu tena, sawa na ulivyokuwa huoni kwenye weupe. Inabidi uache sehemu bila kuzigusa ili zile ulizozigusa zionekane. Hakuna anayekuambia hilo. Mkono wako mwenyewe ndio unaoligundua. Na mtoto unayemwongoza, Monroe, amefiwa na mama yake, mchoraji aliyeanza picha zaidi ya 300 asimalize hata moja. Nikilikumbuka hilo, kila donge ninalorusha linakuwa zito.

Ziko gemu nyingine zinazoipa rangi nguvu kubwa. Katika Splatoon ya 2015, timu mbili hugombea uwanja, na kwenye pambano lake la kawaida ushindi ni wa waliofunika sakafu kubwa zaidi kwa wino wao. Katika Ōkami ya 2006, dunia inasimama, brashi inatokea, unachora duara angani na jua linawaka. Nazipenda zote mbili. Ila humo rangi inatii mno, haikudai chochote.

Kwenye filamu, anayenishika ni Aleksandr Petrov, Mrusi aliyetengeneza filamu fupi ya katuni ya The Old Man and the Sea, 1999. Alichora kwa rangi ya mafuta juu ya kioo, mara nyingi kwa ncha za vidole. Picha moja ikishapigwa na kamera, anaisogeza rangi ileile ingali mbichi: wimbi linapanda kidogo, mkono wa mzee unavuta kamba kidogo. Zaidi ya picha 29,000 kwa filamu ya dakika kama 20, na karibu kila moja ilifutika ili inayofuata izaliwe. Tunachokitazama ni mchoro ambao haupo tena popote. Iliposhinda Oscar mwaka 2000, nadhani tuzo ilikwenda panapostahili.

Loving Vincent, filamu ya 2017 kuhusu mchoraji Van Gogh, ilitumia picha za rangi ya mafuta kama 65,000 na wachoraji zaidi ya 100. Kazi hiyo naiheshimu sana, lakini mikono yote humo inafuata mkono wa Van Gogh, na mimi nina kiu ya mkono unaohangaika wenyewe.

Mkono huo nimeuona kwenye filamu ya 1956 ya mwongozaji Mfaransa Clouzot kuhusu mchoraji Picasso. Kamera iko nyuma ya karatasi, wino unapenya, huoni mchoraji, unaona mistari ikijitokeza. Shada la maua linageuka samaki, samaki anageuka kuku, na kuku naye anafunikwa, inabaki sura. Samaki yule alinitosha kabisa! Picasso hakutosheka.

Filamu nyingi za wachoraji humalizia kwenye picha iliyotundikwa ukutani, na hapo ndipo zinaponipoteza. Afadhali Portrait of a Lady on Fire ya 2019. Mchoraji Marianne amemaliza picha ya msichana Héloïse, iko safi, ina kila kanuni ya fani. Héloïse anaitazama na kuuliza kama hivyo ndivyo Marianne anavyomwona. Marianne anachukua kitambaa, anaupangusa uso wote kwenye turubai. Picha ya pili, ile ambayo Héloïse alikubali kuikalia mwenyewe, isingechorwa kama ile ya kwanza ingebaki nzima.