Kiangukacho Kutoka Paani

Somo la juma: Kumbukumbu la Torati 22:8

Torati inamwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, yaani paa bapa la juu, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Dari za wakati ule zilitumika kila siku. Rahabu aliwaficha wapelelezi katikati ya mabua ya kitani yaliyokuwa juu ya dari yake. Paa zetu hazipandwi hivyo, lakini kila msimu kuna kitu kinaanguka kutoka juu yake, nacho ni maji. Nani anayajibia?

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Jengo la ibada la mita 15 kwa 20 lina mita za mraba 300 (pima eneo linalofunikwa chini, si urefu wa bati lililolala kwa mteremko). Mvua ya milimita 50 inashusha lita 15,000. Udongo wenye nyasi ungekunywa sehemu kubwa. Sisi tumemwaga zege uwanja mzima ili magari yapate pa kuegeshwa, kwa hiyo maji yanatoka getini kwa pamoja, na anayeyapokea ni jirani wa bondeni. Kisha Jumapili tunamwombea kwa sababu nyumba yake imeingiliwa na maji.

Na mvua zenyewe zimebadilika. Hewa ikiongezeka joto nyuzi 1 ya Selsiasi huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo mvua kubwa zinazidi kuwa kubwa. Mji wa Copenhagen, huko Denmark, ulilifahamu hilo tarehe 2 Julai 2011, zaidi ya milimita 100 ziliponyesha kwa saa chache na mabomba ya chini yakazidiwa. Baadaye mji ulianza kutengeneza bustani na barabara za kushikilia maji, badala ya kutegemea mabomba pekee.

Tukifika hapa wengi husema: tununue tangi. Tangi ni jema, ila lina kazi mbili zinazogongana. La akiba hutakiwa lijae; la kupunguza mafuriko hutakiwa liwe tupu. Tangi la lita 5,000 lililojaa tangu juma lililopita halimsaidii jirani hata kidogo. Kwa hiyo kamati ya ujenzi ijadili kwanza bomba la kutolea maji yanayozidi, na liishie kwenye shimo la kunyonya, yaani la kuyapenyeza maji ardhini, si barabarani.

Shimo nalo lina udanganyifu wake. Mita 2 kwa 2, kina mita 1.5, ni lita 6,000; ukilijaza kokoto, nafasi ya maji ni asilimia 35 hadi 40 tu, yaani lita 2,100 hadi 2,400. Kabla ya kulichimba, toboa kishimo cha sentimita 30 mahali hapo, kijaze maji, yaache yaishe, ukijaze tena. Mjazo wa pili ndio usemao kweli, kwa maana udongo mkavu hunywa upesi mara ya kwanza. Maji yakiwa bado yamo kesho yake, huo ni udongo wa mfinyanzi. Afadhali bustani iliyobonyea kama beseni, yenye bomba jembamba la kuyatoa polepole. Shimo liwe walau mita 5 kutoka kwenye msingi, na mbali kabisa na choo.

Kinachoua mashimo haya ni tope. Linaingia kidogo kidogo hadi kokoto zinaziba, na hakuna anayejua mpaka mvua kubwa ije. Tangulizeni chemba ndogo ya kunasa tope, izolewe kabla ya kila msimu. Hakuna mgeni rasmi atakayeitwa kukata utepe kwa chemba iliyozolewa, lakini huo ndio ukingo wa dari yetu.

Kutoka 21:33-34 inaongeza kwamba mwenye shimo asipolifunika, na ng'ombe au punda akatumbukia humo, atalipa. Basi kila tangi na kila chemba iwe na mfuniko ambao mtoto hawezi kuuinua, na kila tundu liwe na wavu wa mbu, pamoja na mdomo wa lile bomba la maji yanayozidi, ambao mafundi wengi huusahau.