Nilivyouachia mkasi

Kwa miaka 19 hakuna mtu mwingine aliyeshika mkasi wangu wa kukatia. Kushona, kupiga ovaloki, kutia vifungo, kupiga pasi, yote hayo binti ninayefanya naye kazi aliyafanya. Kukata kulikuwa kwangu. Kitambaa kikishakatwa vibaya hakirudi, na hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu. Sababu nyingine sikuitamka: nilipenda kujua kwamba nisipokuwepo, kibanda hakiendi.

Sala zangu nazo zilikuwa hivyo hivyo. Saa kumi na moja alfajiri napiga magoti na kumpa Mungu taarifa: leo nakata sketi 20, mchana nafuata jora la bluu, jioni namlipa mwenye kibanda. Mpango umekamilika, kilichobaki ni Yeye kugonga muhuri. Kwenye jumuiya yetu ya kanisa, Jumamosi, kiongozi akiuliza nani ana hitaji la maombi, nilisema, "Mniombee nguvu ya kuendelea." Ombi la heshima lile, halimfunui mtu. Na nilikuwa mtunza hazina wa jumuiya, kwa hiyo nani angedhani nina shida?

Wanaoshona sare wanaijua Januari. Tangu mpango wa elimu bila ada ulipoanza shule za serikali mwaka 2016 kazi iliongezeka. Kila mtoto wa shule ya msingi anataka shati jeupe na sketi au kaptula ya bluu, na mzazi anakuja siku mbili kabla shule hazijafunguliwa. Mwaka juzi Desemba, hapa Iringa, nikiwa na sare 63 za kutoa, vidole vitatu vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi. Usiku ndiyo vilizidi. Nilikuwa naamka saa tisa nakung'uta mkono kama aliyetoka kunawa. Nikameza dawa za maumivu na kuendelea kukata, mpaka siku mkasi uliponidondoka ukachoma sakafu, nami sikuhisi ulivyotoka mkononi.

Daktari alieleza kwamba neva inayopita kwenye kifundo cha mkono inabanwa. Akanipa kifaa cha kufunga mkono wakati wa kulala, na kwa wiki 6 nisishike mkasi. Mama mmoja akasema Mungu amenigusa, kama alivyomgusa Yakobo wa kwenye Biblia uvungu wa paja. Sikukubali, na mpaka leo sikubali. Kilichonigusa ni miaka 19 ya kukata kadeti na jinzi. Ila habari ya Yakobo niliirudia usiku ule. Mtu huyu ametoka tumboni ameshika kisigino cha pacha wake Esau, na baada ya hapo ni mbinu tupu: chakula cha dengu, ngozi za mbuzi mikononi, fito zilizobanduliwa maganda mbele ya mifugo ya mkwewe Labani. Hata anapomwogopa Esau anasali vizuri kabisa, kisha anainuka na kupanga zawadi makundi kwa makundi. Nikacheka peke yangu gizani. Mimi huyo, na daftari langu la mipango.

Nilianza na kitu kidogo. Asubuhi niliacha taarifa, nikasali Sala ya Bwana polepole na kusimama pale kwenye "Utupe leo riziki yetu." Siku za kwanza nilijikuta nahesabu vifungo. Baada ya wiki neno "leo" likaanza kunisumbua, maana daftari langu lilikuwa limeshafika Machi.

Jumamosi iliyofuata kiongozi akauliza tena. Nikasema mkono wangu haufanyi kazi, nina sare za watu, na sehemu ya fedha zao za vitambaa nimelipia kodi. Nikasema naogopa. Pakawa kimya. Bibi mmoja akanitazama: "Mwanangu, miaka yote hii tunakuombea nguvu, kumbe tunakuongezea mzigo." Mwenzetu mmoja anayeshona barabara ya pili, ambaye nilikuwa nikimhesabu mshindani, akachukua mashati 30, nimlipe akimaliza.

Jumatatu nikampa binti mkasi. Nilisema, "Shika, mwanangu," lakini vidole, vile vile vilivyokufa ganzi, havikuachia. Akavuta kidogo, kwa adabu. "Mama, niachie basi."

Siku ya tatu akakata kaptula 8 bila kuacha nafasi ya mshono. Nilitoka nyuma ya kibanda, nikasimama kando ya pipa la maji, na hasira yangu haikuwa kwa binti. Nilimwambia Mungu: si nilikwambia? Nimekuachia, na umeona ulichofanya. Nilimsema vibaya, nikalia, nikamwambia nimechoka na sijui kesho nifanye nini. Niliporudi ndani ndipo nilipotambua kwamba kwa miaka mingi sikuwa nimesali sala isiyo na mpango wangu ndani yake.

Kaptula zile tulizipunguza zikawa za watoto wa chekechea. Kitambaa kingine nilikopa. Faida ya Januari ile ilikuwa ndogo, na deni nilimaliza Aprili. Sina ushuhuda wa fedha kuongezeka. Mkono umerudi, ingawa siku za baridi bado unalalamika.

Sijapona kushikilia. Wiki iliyopita tu nilimnyang'anya binti chaki akiwa katikati ya kuchora shingo ya gauni, nikaomba msamaha, nikatoka kwenda kununua sindano ambazo hatukuzihitaji.

Ufunguo wa kibanda sasa anakaa nao yeye. Leo nimechelewa kutoka kwenye sala, nikakuta ameshafungua na sketi nne zinaning'inia mlangoni. Marinda yake ni membamba kuliko yangu. Wazazi hawajalalamika.