Nilipomsikia mbunge akitaja barabara yetu

Jioni hii nimemsikia redioni mbunge mmoja wa huku West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, akililia barabara bungeni, nikakumbuka Septemba 2024, daraja la Karuma, tunalovukia Nile kutoka Kampala kuja huku, lilipofungwa. Lilijengwa 1963, matengenezo lilistahili kabisa. Lakini gari letu la Arua lilizungukia Masindi, tukavuka Nile pale Paraa katikati ya mbuga ya Murchison Falls, na kando yangu mama amempakata mtoto mwenye homa. Hakulala yule mama, nami sikulala.

Kwa hiyo mbunge akitaja kijiji kwa jina, kalvati iliyobomoka, akamtaka waziri aseme lini itajengwa, moyo wangu unatulia kidogo. Kesho nampigia simu mbunge wa kwetu kuhusu kivuko cha nyuma ya soko. Mvua zimeanza, na watoto wanapita hapo kwenda shule.