Kupanda Psiloritis kwa barabara ya wafugaji

Wageni wengi wanaofika Krete, kisiwa cha Ugiriki, huishia ufukweni. Siwalaumu, maana bahari ile ni safi na mikahawa imejipanga palepale mchangani. Lakini ukiipa bahari kisogo unakutana na mlima papo hapo. Kisiwa ni chembamba, hata pale kinapopanuka kabisa ni kama kilomita 60 tu kutoka kaskazini hadi kusini, na katikati yake umesimama Psiloritis, mita 2,456, mlima mrefu kuliko yote ya Krete. Tulikwenda mwezi Mei. Watu walikuwa wanaota jua Rethymno, mji wa pwani, na kule juu theluji ilikuwa bado haijaisha.

Safari hii aliitaka shangazi. Ni muuguzi mstaafu, amekaa Ujerumani tangu ujana wake, lakini kazaliwa Songea na Songea haijamtoka. Alipoona ofisini kwa wakala picha ya Land Rover ndefu ikipanda njia ya mawe, akaniambia, "Baba, mimi hoteli nimeichoka. Tupande hili gari." Shangazi yangu akiniita baba kwa sauti ile, mjadala umekwisha. Tukalipa safari ya siku nzima.

Gari lilikuwa Defender ya zamani, mabenchi ya nyuma yakitazamana. Pamoja nasi walikuwa mume na mke wa Kijerumani wa umri wa shangazi, na vijana wawili kutoka Uholanzi. Dereva ndiye aliyekuwa kiongozi pia, mtu wa makamo, mtoto wa mfugaji kutoka Anogeia, kijiji kikubwa kilicho zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari. Jambo hilo ndilo lililoifanya siku yetu. Mtu aliyejifunza mlima kwa kuusoma angetuonyesha mandhari, huyu alituonyesha kazi.

Tulipoiacha lami alisimama, akashuka, akaanza kupunguza upepo kwenye tairi moja baada ya nyingine, huku akipima kwa kipimo chake kidogo. Mawe ya Psiloritis ni ya chokaa, yana makali, na tairi lililojaa upepo hudunda juu yake na kuteleza. Likilegea kidogo linalikumbatia jiwe. Kisha akaingiza gia nzito, na kuanzia hapo hatukwenda kasi tena. Vijana nadhani walitarajia vumbi na mbio. Yeye aliendesha kama anayebeba mgonjwa, akichagua jiwe la kukanyaga kwa gurudumu la kulia, akisubiri gari litulie, ndipo akasogea. Kwenye miteremko mikali hakugusa breki, aliacha injini ilishike gari katika gia namba moja. Shangazi alimtazama sana mikono. Aliniambia kwamba madereva wa misheni utotoni mwake, enzi za barabara za udongo mwekundu kwenda Njombe, waliendesha hivihivi wakati wa masika.

Chini kabisa ni mizeituni, mashamba kwa mashamba, na nyavu nyeusi za kudakia zeituni zimekunjwa na kuegeshwa kwenye mashina kungoja mavuno ya majira ya baridi. Ukipanda kidogo mizeituni inapungua, inakuja miti ya karobu, halafu mialoni mifupi yenye majani ya miiba. Mialoni hiyo mbuzi wameila mpaka imekuwa mabonge ya mviringo, mingine haifiki kiunoni, na dereva akatuambia ipo yenye umri mkubwa kuliko babu yake. Gari likipita karibu na vichaka harufu inakuja kwa mawimbi: zaatari mwitu, kisha kitu kikali kama dawa, kisha samadi.

Na kuna mageti, mengi. Kila malisho yamezungushiwa waya, na kila njia inakatizwa na geti la fremu ya chuma, mbao chakavu, hata chaga za kitanda zilizofungwa kwa kamba ya nailoni. Sheria ni moja tu, anayefungua ndiye anayefunga. Mholanzi mmoja aliipata kazi hiyo, akaifanya kwa heshima mchana kutwa. Mara mbili tatu tulipita vibao vya barabarani vilivyotobolewa kwa risasi mpaka maandishi hayasomeki. Bunduki ni jambo la zamani katika nyumba za huku, na vijana hulenga vibao. Dereva hakulichekea wala kulitetea.

Anogeia tulifika kabla ya saa sita. Wazee wamekaa mbele ya mikahawa, baadhi na buti ndefu nyeusi na kitambaa cheusi cha nyuzi kilichofungwa kichwani, shanga ndogo za uzi zikining'inia kwenye paji la uso. Akina mama huuza vitambaa vya sufu vilivyofumwa kwa mkono. Hapa ndipo alipozaliwa Nikos Xylouris mwaka 1936, mwimbaji na mpiga lira, ala ya nyuzi ya huku, ambaye sauti yake Wagiriki wanaijua mpaka leo, ingawa alifariki mwaka 1980 akiwa na miaka 43 tu.

Lakini dereva alitupeleka kwanza uwanjani kwenye jiwe la marumaru. Limechongwa maneno ya amri ya Agosti 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, iliyotolewa na Jenerali Friedrich-Wilhelm Müller, kamanda wa jeshi la Ujerumani kisiwani. Alituambia maana yake mstari kwa mstari. Kwa kuwa Anogeia ni kituo cha ujasusi wa Kiingereza, kwa kuwa wanawahifadhi wapiganaji wa msituni, kwa kuwa waliomteka Jenerali Kreipe wa Ujerumani mwezi Aprili walipita hapa, basi kijiji kibomolewe kabisa, na kila mwanaume atakayekutwa ndani ya kijiji au kilomita moja kukizunguka auawe. Wakakichoma na kukilipua nyumba baada ya nyumba, kazi iliyoendelea mpaka Septemba. Wengi walikuwa wamekwisha kimbilia mlimani, kwenye njia zilezile tulizokuwa tunaelekea. Müller mwenyewe alihukumiwa Athens na kuuawa mwaka 1947. Na haikuwa mara ya kwanza, jeshi la dola ya Osmani lilikichoma kijiji hiki mara mbili katika karne ya 19.

Shangazi alisimama pale muda mrefu. Yule mama wa Kijerumani akaja kusimama karibu yake, wakaanza kuzungumza Kijerumani polepole. Nilisikia Songea ikitajwa, na Maji Maji. Bibi mzaa baba wa shangazi alikuwa mtoto mdogo mwaka 1906, jeshi la mkoloni wa Kijerumani liliponyonga viongozi wa Wangoni, likachoma mashamba na maghala ya chakula, ikaja njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Bibi huyo alikua akisimulia mizizi waliyokula porini. Shangazi aliyasema hayo bila kupandisha sauti, na yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. Tuliporudi garini wakakaa benchi moja. Mimi nimesoma habari za vita vya Maji Maji shuleni, nimezisikia nyumbani, lakini kuzisikia zikielezwa Krete, mbele ya amri ya aina ileile iliyoandikwa miaka 38 baadaye, kulinigusa kuliko somo lolote nililofundishwa.

Kutoka Anogeia njia inapanda hadi uwanda wa Nida, karibu mita 1,400. Unatokea ghafla. Mawe, mawe, kona, halafu bakuli kubwa la majani mabichi lililozungukwa na milima mitupu, kondoo kila upande, na kengele zao zikilia pamoja. Kondoo hawa majira ya baridi hukaa mabondeni karibu na pwani, hupandishwa huku majani yanapoota. Juu yetu tumbusi walikuwa wakizunguka. Mahali penye mifugo mingi hivi, hakosekani kondoo aliyekufa.

Juu kidogo ya uwanda, kwa mwendo mfupi wa miguu, kuna pango la Ida. Wagiriki wa kale walisema ndimo alimolelewa mungu wao Zeus, baada ya mama yake Rhea kumficha ili baba asimmeze. Mbuzi Amalthea akamnyonyesha, na vijana wenye silaha wakacheza ngoma mlangoni wakigonganisha ngao ili kilio cha mtoto kisisikike. Tangu karne ya 19 wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta humo vitu vilivyotolewa sadaka, zikiwamo ngao za shaba nyeusi zilizonakshiwa, ambazo sasa ziko katika makumbusho ya Heraklion. Ndani ni baridi na kutupu, huna haja ya kukaa muda mrefu. Nilichokipenda ni jinsi hadithi ilivyotungwa na watu wanaofuga, mungu mkuu anakulia zizini kwa maziwa ya mbuzi.

Sasa nifike kwenye mitata, maana kwa hiyo peke yake ningerudi. Mitato, wingi wake mitata, ni kibanda cha mfugaji cha mawe matupu, mviringo, paa lake likiwa kuba. Hakuna saruji, hakuna udongo, hakuna boriti. Mlima huu hutoa mawe bapa kama vigae vinene, na mjenzi huyapanga duara juu ya duara, kila safu ikiingia ndani kidogo kupita ile ya chini, mpaka juu kabisa linabaki tundu moja la kutolea moshi na kuingizia mwanga. Uzito wa mawe yenyewe ndio unaoyashika. Tuliingia kimoja kwa kuinama. Macho yalipozoea giza niliona benchi la mawe la kulalia kuzunguka ukuta, mahali pa moto pameusi kwa masizi, na mlango mdogo wa chumba cha pili ambako jibini lilikuwa likiwekwa likomae. Nilipitisha mkono ukutani. Kati ya jiwe na jiwe vidole havipiti.

Dereva alilala humo utotoni. Wanaume walikuwa wakipanda na kondoo wakati wa machipuko na kukaa huku hadi karibu na baridi. Walikamua alfajiri na jioni, wakapasha maziwa moto kwenye sufuria kubwa ya shaba, wakayagandisha kwa kigandishi kinachotokana na tumbo la mwana-mbuzi, wakavunja bonge, wakalikamua likawa graviera, jibini gumu la manjano hafifu. Maji yaliyobaki yalipashwa moto tena, likapatikana jibini jeupe laini liitwalo mizithra. Jibini lilishuka kwa punda na nyumbu.

Kisha zikaja barabara. Ugiriki iliingia Jumuiya ya Ulaya mwaka 1981, ruzuku za mifugo zikaanza kulipwa kwa idadi ya vichwa, makundi yakaongezeka, na tingatinga zikachonga njia hizi tulizopanda. Mfugaji sasa anakuja na pikapu, anakamua, anapakia maziwa na kurudi kulala nyumbani na watoto wake. Maziwa yanageuzwa jibini kwenye viwanda vidogo vyenye vigae na friji. Kwa hiyo mitata hailaliwi tena. Theluji inaingia kwa lile tundu, jiwe la juu linaanguka, kuba linafuata. Njia iliyotufikisha pale kuvistaajabia vibanda ndiyo iliyoviua.

Nikamuuliza kama anasikitika. Akajibu kwamba mama yake alikuwa akimwona baba yake mara chache mno kiangazi chote, na hakuna anayepaswa kutamani hali hiyo irudi. Kinachomuuma ni ufundi. Wanaojua kupanga kuba lile wamebaki wachache na ni wazee, na jiwe halifundishwi kwa maneno. Hilo nilikubaliana naye kabisa. Serikali na wale wa hifadhi ya jiolojia ya Psiloritis, ambayo UNESCO inaitambua, wana mlima mzuri wa kuonyesha, lakini fedha ya kwanza ingekwenda kwa mzee anayejua kupanga mawe na vijana wawili wa kumsaidia.

Upande mwingine wa uwanda kuna kazi nyingine ya mawe. Mwaka 1991 msanii wa Kijerumani Karina Raeck alimaliza mchoro mkubwa uliolala ardhini, umbo la mpiganaji lenye urefu wa zaidi ya mita 30, mawe yakiwa yamekusanywa na kupangwa pamoja na watu wa Anogeia. Ukiwa chini huoni kitu zaidi ya chungu za mawe. Inabidi upande mteremko, ndipo umbo likusanyike machoni. Shangazi na rafiki yake mpya walipanda mpaka juu, wakipeana mkono penye mawe yanayocheza.

Chakula tulikula kivulini kwa mfugaji mmoja, binamu wa dereva. Nyama ya mwana-kondoo ilikuwa imebanikwa kwa chumvi tu, vipande vikubwa vimechomekwa kwenye vijiti kuuzunguka moto, na mwenyewe alikuwa akihamisha vijiti kila upepo ulipogeuka. Shangazi alisema neno moja, "Nyumbani," akaongeza kipande. Kulikuwa na mkate mgumu uliolowekwa kwa mafuta ya zeituni, mizithra ya asubuhi ile ikiwa bado vuguvugu, na raki, pombe kali inayokenekwa kutokana na makapi ya zabibu. Huwezi kuikataa bila kuelezana kwanza, kwa hiyo mgusishe mwenyeji glasi na onja kidogo.

Kwa atakayekwenda: chagua Mei au mwanzo wa Juni, maziwa yakiwa bado yanatoka. Ukichelewa hadi Agosti uwanda umekauka na ukamuaji umekwisha. Beba sweta hata kama pwani unatoka jasho. Kabla ya kulipa uliza kama gari linafika Nida, kwa sababu safari nyingine zinazunguka mashamba ya mizeituni na kumalizia kwenye duka la mvinyo, na uliza dereva ni wa kijiji gani. Weka pesa taslimu mfukoni pia. Mfugaji alitukatia graviera kutoka gurudumu zima, akaipima kwa mizani ya kuning'iniza, na mashine ya kadi hana.